Uzi wa Cherehani Ulioshika Roketi

Siku ile naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Ilikuwa asubuhi, mlimani Kanazi, ukungu umelala juu ya migomba na haujaamua kuondoka. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja wa shule ya ufundi ya misheni, nimevaa ovaroli iliyokatwa kwa kipimo cha mwanamume, mikono yake nimeikunja mara tatu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mbele yangu palikuwa na roketi yenye mabawa, ndefu kunipita, na kiungo chake kigumu kuliko vyote nilikuwa nimekitengeneza mimi. Nyuma ya kamba walisimama wageni kutoka wilayani, wanafunzi wote, na mwalimu mkuu aliyekuwa akisubiri jambo moja tu: niaibike.

Nikaaibika. Nakuambia mapema usije ukasikiliza kwa wasiwasi. Niliaibika barabara, mbele ya watu wote, na kosa lilikuwa langu. Lakini kaa hapo hapo ulipo, kwa sababu mimi si bibi wa kusimulia habari za kushindwa halafu nikuage.

Naitwa Venansia. Mimi ni seremala. Sikusema mke wa seremala, wala mama wa seremala. Karakana yangu iko Rusumo, mwendo mfupi kutoka pale malori yanapopanga foleni kusubiri karatasi zao za kuvuka mpaka, na kazi yangu kubwa ni kubadilisha mbao zilizooza za mabodi yao. Dereva mgeni akifika huuliza, "Fundi yuko wapi?" Ananiuliza mimi, nami nimeshika msumeno, jasho linanitoka, nusu ya ubao iko chini. Zamani nilikuwa nawajibu. Siku hizi naendelea kukata mpaka aone mwenyewe.

Sasa sikia ilivyoanza. Pale shuleni wasichana walikuwa wa ushonaji na wavulana walikuwa wa useremala, na hakuna aliyekumbuka nani alipanga hivyo. Mimi niliomba useremala. Mwalimu mkuu alicheka, akaniambia nikapumzike, nikirudi nitakuwa nimepona. Jina lake silitaji, ana wajukuu na hawajanikosea kitu. Aliyenitetea alikuwa Bruda Anselmi, mkuu wa karakana, Mhangaza wa kwetu kabisa, aliyewahi kupelekwa na shirika lake kusoma Ulaya. Bruda hakuwa mtu wa maneno. Alisema tu, "Mpeni randa tuone." Nikapewa randa, wakaona. Basi mwalimu mkuu akakubali kwa sharti alilolitamka mbele ya darasa zima: siku nitakayoharibu kazi moja kubwa, siku hiyo hiyo nahamia kwenye cherehani.

Miaka miwili nilikaa na sharti lile kichwani. Mvulana akipasua ubao, umepasuka ubao. Mimi nikipasua ubao, wamepasua wanawake wote wa Ngara. Kama umewahi kuishi hivyo, mwanangu, unajua uchovu wake, na kama hujawahi, mshukuru Mungu kisha uwe mpole kwa walio nao.

Kule Ulaya Bruda alikuwa amejifunza mchezo wa watu wazima: kurusha roketi za mfano. Si zile za karatasi za watoto. Hizi zilikuwa na mota kubwa ya kununuliwa, inayowashwa kwa waya na beteri ya gari, watu wamesimama mbali nyuma ya kamba. Alirudi na mota tatu ndani ya sanduku la bati, pamoja na barua za idhini zenye jina lake, na ufunguo wa sanduku lile ulilala mfukoni mwake. Sisi wanafunzi hatukuruhusiwa hata kulisogeza. Mota ya kwanza alikuwa ameshaitumia kutuonyesha. Zilibaki mbili.

Alitaka tutengeneze roketi inayopanda kama roketi na kurudi kama mwewe, ikielea kwa mabawa yake, ili aipeleke kwenye maonyesho ya shule kule Mwanza. Na hapo ndipo penye kazi. Mota inakaa mkiani. Ikishaungua ndani ya sekunde chache haina faida tena, lakini ganda lake bado ni zito, karibu uzito wa chupa ya soda iliyojaa. Ndege yenye mkia mzito haielei, inainua pua, inakosa nguvu na kuanguka ikipinduka. Kwa hiyo mota ikimaliza kazi lazima itoke, tena huko huko juu, yenyewe. Mbele ya mota kuna baruti kidogo inayolipuka mwisho. Hewa yake ya moto inasukuma, na kile kibomba kinachoishikilia mota kinatakiwa kichomoke nyuma pamoja na mota yake, kidondoke, kiache ndege ikiwa nyepesi. Kibomba hicho tulikiita kiota. Bruda aligawa kazi: mabawa kwa hawa, pua kwa wale. Kiota akanipa mimi.

"Kisitoke kabla ya wakati," akaniambia, "na wakati ukifika kisikatae." Basi, hayo ndiyo maelezo yote niliyopewa.

Ni rahisi kusema. Kikilegea, kinadondoka roketi ikiwa bado inapanda. Kikibana, hakitoki kabisa. Nilikizungushia karatasi ngumu na gundi, nikakipiga msasa, nikakijaribu, nikakipiga tena. Kilikuwa kikibana pale nisipotaka na kulegea pale nisipotaka. Shule ikafunga kazi haijaisha, nikakiweka kiota na bomba lake, lile la mkiani linalokipokea, kwenye kikapu, nikaenda likizo kwa kina mama, Runazi, wilaya ya Biharamulo.

Huko Runazi alikuwako mjomba wangu Faustini, kaka wa mama, mkulima wa mahindi na muhogo kama wenzake, lakini watu walimjua kwa nyuki. Alikuwa na mizinga ya magogo huko porini, na nyumba yake ilinuka moshi na asali mwaka mzima. Nilipoona nta aliyokuwa ameiyeyusha na kuimimina kwenye sufuria ipoe, nikapata wazo. Nikaipaka kwenye kiota. Ilikuwa mchana, jua la Runazi unalijua. Kiota kiliteleza ndani ya bomba kwa namna ambayo nilitaka kucheza ngoma. Kinashika, ukikisukuma kinatoka. Nikakisukuma mara kumi, mara ishirini, nikacheka peke yangu.

Mjomba akasema, "Mpwa wangu, hiyo loketi yako mtairushia wapi?"

"Kanazi, mjomba."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla ya upepo."

Akatikisa kichwa. "Nta ya asubuhi si nta ya mchana, mama. Nta inasikia baridi kabla yako wewe. Na Ngara kuna baridi."

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilicheka alivyosema loketi, kwa ulimi wetu wa huku, ulimi wangu mwenyewe kabla shule haijaunyoosha. Nikamwambia, "Mjomba, haya ni mambo ya hesabu. Wewe rina asali." Nikafunga kikapu changu. Mjomba alinipa chupa ya asali nimpelekee Bruda, akanisindikiza mpaka barabarani kusubiri lori.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mimi sikuvunjika guu faraghani kama watu wengine. Nilivunjika mbele ya wageni wa wilaya.

Asubuhi ile ya ukungu Bruda alifunga mota mwenyewe, akatupeleka wote nyuma ya kamba, akahesabu, akabonyeza. Roketi iliondoka kwa mngurumo ulionigonga kifuani. Ikapasua ukungu, tukaiona imetokeza juu, nyeupe, inakwenda moja kwa moja. Mota ikazima. Nikashika kamba kwa mikono miwili. Tukasikia mlio wa ile baruti, pu! Nami nikasubiri kiota kitoke.

Hakikutoka. Nta ilikuwa imelala na baridi alfajiri yote, imekuwa ngumu na kushika kiota pande zote, na zile sekunde chache za moto hazikutosha kuifikishia joto. Hewa iliyokosa njia nyuma ikatafuta mlango mwingine, ikaing'oa pua. Ndege yangu, haina pua mbele, ina mota nyuma, ikapinduka, ikapinduka tena, ikashuka kwenye migomba kwa kishindo. Mtu mmoja akaanza kucheka, na wewe unajua kicheko kilivyo, kikipata mmoja kinapata wote.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mwalimu mkuu yule aliniambia toka, kwa Kiswahili fasaha, mbele ya wageni. "Jumatatu saa mbili, chumba cha ushonaji. Vua hiyo ovaroli." Nikaivua pale pale uwanjani, nikamkabidhi mkononi. Sikulia. Nilitaka kulia mpaka macho yaliuma, lakini nilijiambia kwamba machozi yangu hayatakuwa sehemu ya maonyesho yake.

Bruda alinikuta kwenye migomba naokota vipande. Aliinama akaniokotea bawa moja, likiwa zima. Akakiona kiota kimeng'ang'ania ndani ya bomba, akakivuta kwa nguvu, hakikutoka. Akakinusa.

"Nta," akasema.

"Ndiyo, Bruda."

"Aliyekupa nta hii, alikuambia nini?"

Nikamwambia yote, pamoja na kicheko changu. Hakunikaripia. Alisema, "Imebaki mota moja. Idhini yangu inaisha mwezi ujao. Mrudie mjomba wako." Akaondoka na bawa lake kwapani.

Jumamosi ile nilipanda lori kwenda Biharamulo nikiwa na mkungu wa ndizi mapajani, kwa sababu kwa mjomba uliyemkosea huendi mikono mitupu. Nilimkuta uani anatengeneza mzinga. Nikapiga goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Loketi iliruka?"

"Iliruka, mjomba. Kiota hakikutoka."

"Nta."

"Nta, mjomba."

Nilitegemea atacheka. Ningekuwa mimi ningecheka, mimi si mtakatifu. Hakucheka. Alinivutia kigoda, akaweka tezo chini, na maneno aliyonipa siku ile ninayo mpaka leo.

"Mama yako amenieleza huyo mwalimu wenu anavyokudharau," akasema. "Nikaumia. Nikasema mtoto wa dada yangu ana akili, kwa nini wamcheke? Halafu nikakumbuka siku ile hapa uani. Yule anakucheka wewe kwa gauni lako. Wewe umenicheka mimi kwa ulimi wangu. Sasa niambie, mpwa wangu, wewe na yeye mnatofautiana wapi?"

Mwanangu, nimeshawahi kupigwa na nyundo kidoleni. Nimeshawahi kuangushiwa boriti begani. Hakuna kilichoniuma kama swali lile, maana nilitafuta jibu na halikuwepo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Niliutupa bila kufikiri, na nilipochomwa mimi ndipo nikajua una ncha. Nikamwambia, "Nisamehe, mjomba." Akasema, "Yameisha. Njoo uone mzinga."

Akanionyesha kifuniko cha mzinga wa gogo. Vifuniko vile nilikuwa nimeviona tangu utoto na sikuwahi kuvitazama. Kifuniko hakikubana. Ukikiachia kinaanguka chenyewe. Kinachokizuia ni kijiti kidogo kilichopitishwa pembeni.

"Nyuki wenyewe wanapenda kugundisha," akasema. "Ukikibana na wewe, siku ya kurina utapasua mzinga. Kifuniko kinachotakiwa kufunguka hakibanwi, mama. Kinazuiwa. Siku yake ikifika unatoa kizuizi tu." Kisha akaniuliza, kana kwamba ni jambo dogo, "Na hicho kinachodondoka huko juu kikiwa na moto wake, kinamdondokea nani?"

Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimefikiria mwalimu mkuu, wageni, Mwanza, jina langu. Watu walioko chini, wenye nyumba za nyasi na maharage yaliyoanikwa uani, sikuwa nimewafikiria hata kidogo.

Nilirudi Kanazi nikiwa na nusu ya jawabu. Kiota kisibanwe, kizuiwe. Lakini nani atatoa kizuizi angani? Jumatatu saa mbili nikaenda chumba cha ushonaji kama nilivyoamriwa, nikakaa kwenye cherehani, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilikanyaga pedali kama ninakanyaga mtu. Uzi ukakatika. Nikaufunga, nikakanyaga, ukakatika. Mwalimu wa ushonaji, mama mmoja mpole, akaja akaniambia, "Taratibu, Venansia. Uzi ukiuvuta polepole unabeba. Ukiushtua unakatika."

Nikaacha kukanyaga. Nikamwambia, "Mwalimu, hebu rudia."

Akarudia. Nikamkumbatia, masikini, hakuelewa kwa nini.

Juma zima, asubuhi nilishona na jioni nikaingia karakana kwa mlango wa nyuma ambao Bruda alisahau kuufunga, na alikuwa anasahau kila siku. Nilikwangua nta yote. Nilikipiga kiota msasa mpaka ukiinua bomba kinateremka kwa uzito wake, nikakisugua kwa unga wa penseli ya seremala, kitu kisichojua baridi wala jua. Nyuma nikakiwekea pete ya mbao, ili mota ikisukuma isukume ndege nzima, kiota kisizame ndani. Kisha nikakifunga kwenye bomba kwa uzi wa cherehani, huu wa kawaida. Uzi mmoja ulikatika nilipokitikisa. Nyuzi tatu zilikataa kukatika hata nilipozishtua kwa nguvu. Mbili, mmoja kila upande, zikabeba ganda la mota nikilitikisa kichwa chini, na nikizishtua mara moja, kama baruti itakavyozishtua, ta! zinakatika zote. Usione wembamba wa reli, treni inapita.

Jaribio moja halikunitosha tena. Nilikijaribu mchana juani. Nilikilaza nje kwenye umande, nikakijaribu alfajiri vidole vikiwa vimekufa ganzi. Wanafunzi wenzangu walifufua mwili wa ndege na kuchonga pua mpya. Mimi nikakishonea kiota utepe mrefu mwekundu wa kitenge, mita kadhaa, ili kikidondoka kishuke polepole na kila aliye chini akione kinakuja. Utepe ule niliushona kwenye cherehani ile ile niliyotupiwa kama adhabu, na nakuhakikishia hakuna mshono uliowahi kunyooka kama ule.

Halafu ndani ya kiota nikaandika kwa penseli. Utajua nilichoandika.

Nikaenda ofisini kwa mwalimu mkuu. "Shikamoo, mwalimu. Kesho asubuhi tunarusha. Nakualika."

"Marahaba. Nani amekuruhusu? Wewe ni wa ushonaji."

"Nimeshona, mwalimu. Njoo uone nilichoshona."

Akasema hapana, haiwezekani, nitoke. Nikatoka. Kulipokucha nilikuwa uwanjani. Wengine walitaka tusubiri jua lipande, nami nikakataa. Nilitaka saa ile ile, ukungu ule ule, baridi ile ile iliyonifedhehesha. Mwalimu mkuu akaja mbio akiwa amevaa kandambili, anapaza sauti kwamba zoezi limesitishwa. Bruda alikuwa ameinama anaunganisha waya. Hakuinuka haraka. Alipoinuka alisema, "Idhini ina jina langu, mwalimu. Tafadhali simama nyuma ya kamba." Nadhani hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kuitoa mbele ya mkubwa wake.

Akahesabu, akabonyeza.

Mngurumo ule tena, ukungu ukapasuka. Mota ikazima. Safari hii sikushika kamba. Nilikuwa nimeikunja mikono yangu kifuani, kwa sababu niliamua kwamba liwe liwalo, sitaonekana nimeshikilia kitu. Pu! Na kule juu kabisa, chini ya ndege ile nyeupe, kikatokea kitu chekundu, chembamba, kinajikunjua. Utepe wangu.

Ndege ikatikisika kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha ikalala kwenye mabawa yake, ikaanza kuzunguka taratibu juu ya migomba ya Kanazi, mduara mkubwa, halafu mwingine, bila sauti. Hakuna aliyecheka. Ukiona vyaelea vimeundwa, mwanangu, na mimi nilijua kila msasa uliopita pale. Hapo ndipo nililia. Wakati ule hapakuwa na mtu wa kunikataza.

Kiota kikaanguka taratibu uwanjani, karibu na zile kandambili. Mwalimu mkuu alisubiri kipoe, akakiokota kwa leso, akachungulia ndani, akasoma. Nilikuwa nimeandika: Venansia, seremala. Na Mjomba Faustini wa Runazi, mrina asali.

Mwalimu mkuu akakiweka mkononi mwangu, akasema, "Umebahatisha," akaenda zake kunywa chai.

Ungependa nikuambie kwamba alinirudishia ovaroli. Hakunirudishia. Ndege ilienda Mwanza na wavulana, mimi jina langu likaachwa. Jumatatu iliyofuata niliingia karakana kwa mlango wa mbele, nikachukua randa, nikaanza kazi kama mtu ambaye hajawahi kuondoka. Mwalimu mkuu alipita, akasimama mlangoni, akanitazama. Nami nikaendelea kuranda. Akapita. Ilikuwa hivyo kila siku mpaka nikamaliza. Siku ya kuhitimu akanilipizia kwa kalamu: cheti changu kimeandikwa Ushonaji.

Ninacho. Nimekitundika karakana kwangu Rusumo, kwenye fremu niliyoichonga mwenyewe kwa mninga, juu ya msumeno mkubwa. Dereva akikisoma hushangaa. "Mama, kumbe wewe ni fundi cherehani?" Namwambia ndiyo, baba, leta lori nikushonee bodi.

Sasa nasaha, maana ndiyo niliyokuitia. Siku hizi mna simu zinazokuonyesha hata mwezi ulivyo kwa karibu, lakini najua bado yupo anayekuambia kitu fulani si cha watu kama wewe, si cha wasichana, si cha watu wa Ngara, si cha wanaosema loketi. Usimtii. Sikuambii umtukane. Msalimie shikamoo yake, kisha ufanye. Lakini ukishamaliza kubishana na mtu, usihamishe ubishi ukaupeleka kwenye kitu. Nta haikujua kwamba nimeonewa. Baridi haikunionea huruma kwa sababu nilikuwa na haki. Kitu kina sheria zake, na sheria hizo anazijua aliyeishi nacho, hata kama hana viatu. Kamuulize huyo, na kabla hujamuuliza, uache kumcheka. Wakikutupa kwenye chumba usichokitaka, tazama kuna nini humo ndani kabla hujapiga mlango teke. Na kile kilichokupandisha kikishaisha nguvu, kiache kiende, ila ukifungie utepe, kwa sababu chini kuna watu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono usiotetemeka na sikio lisilo na kiburi. Akupe mjomba mmoja wa kukuuliza swali lisilo na jibu, na bruda mmoja wa kusahau kufunga mlango. Wakikuandikia cheti cha uongo, akupe ukuta wa kukitundika. Na siku wanayosubiri uanguke, uelee.